Mkono Uliobaki kwa Dripu

Dawa yenyewe ni nyekundu, na sisi wanawake tunaotibiwa saratani ya matiti tuliipa jina la rozela, kama ile juisi ya maua mekundu. Siku hiyo ningeipokea kwa mara ya kwanza. Muuguzi alikuwa amenieleza mapema, kwa sauti ya chini, kwamba ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake hakiponi upesi. Tangu aliposema hivyo sikuacha kutazama mikono ya watu.

Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mama mtu mzima kutoka Hombolo. Alikuwa amekatwa titi la kushoto, na mkono wa upande huo hauruhusiwi tena kuchomwa sindano. Dawa ilimwingia mkono wa kulia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaitazama chupa iliyoning'inia juu yake.

"Rozela wameleta," alisema. "Maandazi wamesahau."

Tukacheka. Akaniambia ana shamba la zabibu, na kwamba muda wa kukata matawi umefika. "Mkono huu ndio unaoshika mkasi. Ule mwingine siku hizi unashikilia kanga tu."

Muuguzi alikuwa peke yake asubuhi hiyo, na wagonjwa walijaa mpaka koridoni. Alipita akiuliza, "Mama, unaendeleaje?" Kila mmoja alijibu, "Vizuri, nashukuru." Kwenye benchi la nje tulikuwa tukionyana kwamba mgonjwa msumbufu huachwa awe wa mwisho. Sikuwahi kumwona aliyeachwa, ila niliogopa vilevile, na hata mtu wa kukusanya maoni alipotuuliza kuhusu huduma, wote tulimwambia ni nzuri mno.

Mama wa Hombolo naye akajibu kama sisi. Lakini niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili. Ndipo nikautazama mkono. Juu kidogo ya plasta, ngozi ilikuwa imevimba, imekuwa nyekundu, inang'aa.

"Mama, inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Kama kaa la moto." Akavuta kanga, akaufunika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Yule ana kazi nyingi. Akikasirika, na wewe hujawekewa bado."

Maneno hayo ya mwisho yalinibana. Muuguzi huyohuyo ndiye angenitafutia mshipa. Nilitazama dawa ikidondoka, tone baada ya tone, na nikajikuta nasubiri mwingine aone, aseme yeye. Hakuna aliyeona.

"Sista!" Sauti ilinitoka kubwa mno. "Mkono wa mama unaungua!"

Alikuja mbio. Alifunga dripu kwanza, kisha akajaribu kuivuta dawa irudi kwenye bomba la sindano, huku akipaza sauti kumwita daktari. Ndipo akainua uso.

"Mama, si nimekuuliza sasa hivi? Mbona umesema vizuri?"

"Ulikuwa unapita, mwanangu," alijibu. "Anayepita huwezi kumsimamisha kwa shida zako."

Daktari akaja, akaubonyeza mkono polepole, akachora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe. Wekundu ukivuka mstari huo, alisema, arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe yake.

"Nitashika mkasi?" mama aliuliza.

"Tusubiri tuone."

Mama aliuweka mkono mapajani, akawa anautazama ule mstari kama mtu anayelinda shamba lisiliwe na ndege. Nami niliutazama. Kuna wakati niliona wekundu umeufikia, nikafumba macho, nikayafumbua, nikaona haujaufikia.

Zamu yangu ikafika. Safari hii muuguzi alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akauweka mkono wangu juu ya mto mdogo. Sindano ikaingia.

"Ukisikia chochote, sema. Hata kama ni kidogo."

"Inaungua," nilisema.

Alikuwa hajaifungulia dawa; hata tone moja lilikuwa halijaingia. Hakucheka. Aliangalia mshipa, akaangalia uso wangu, akatoa mkono wake kwenye dripu, akabaki amekaa.