Mkwe Ndani ya Simu

Juzi, pale sokoni Kasongo tunapochaji simu, mama mmoja wa Lusangi alipigiwa video amwone mjukuu wake aliyezaliwa Kindu. Badala ya mtoto ikatokea sura ya mkwe wake, mume wa binti yake. Mama akatupa kitenge juu ya simu, maana kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni.

"Mama, ni mimi!"

"Najua iko weye, ndiyo maana nimefunika. Jifunike na weye, unionyeshe mutoto."

Alipochungulia, mkwe alikuwa amejifunika taulo kuanzia kichwani mpaka kidevuni, kamnyanyua mtoto. Mama akapiga vigelegele, nasi tukamsaidia.

Wanasema simu imefuta umbali. Yule mama aliurudisha kwa kitenge kimoja, akaacha nafasi ya mjukuu kupita.