Kicheko cha Misozi

Pale Kabuta, kando ya ziwa, watu walimjua Lackson kwa kushona nyavu, lakini zamani, kule Kitwe, alipiga gita katika bendi ya roki. Wavuvi walipenda kumchokoza.

"Mzee, nywele zako za roki zilienda wapi?"

"Nilizishonea wavu wa baba yako. Ndiyo maana haushiki kitu."

Santuri yao ilikuwa na wimbo mmoja ambao kila mutu aliimba. Huo hakuujali. Alipenda zile ambazo hakuna mutu aliyeziomba: ule wa lori lililokufa porini, wakala mihogo mibichi siku mbili, na ule wa mwisho kabisa, ambapo mkewe Misozi anacheka gita likinyamaza. Misozi alikufa binti yao Rosaria akiwa bado ananyonya. Picha hakuacha. Santuri nayo ilivunjika, ikabaki kaseti moja iliyonakiliwa kutoka kwake.

Mwaka wa tisini na tisa Rosaria mwenyewe alikuwa na mutoto mgongoni, na baba yake anakohoa tangu mwezi wa sita, mbavu zinahesabika. Alitaka mutoto asikie kicheko cha bibi yake wakati babu bado yupo wa kusema, "Huyo ndiye." Lakini kaseti ilikuwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kwa Valère, Mkongomani mchuuzi wa samaki, aliyeiomba akasikilize.

Jumanne akairudisha. Rosaria akaanika betri juani zipate nguvu, akaweka redio kando ya mkeka wa baba yake. Valère alibaki mlangoni, hakai, haendi.

"Agnès, bibi yangu," ikasema redio kwa sauti ya Valère akimsalimu mkewe, "shiye tuko bazima. Vita ikipoa nitavuka. Salimia batoto."

Rosaria akageuza upande wa pili. Valère tena, na Agnès wake.

"Nilikosa kaseti tupu," Valère akasema. "Nikaziba tundu zake na karatasi ikamate sauti, nikasema ndani. Muziki ya zamani, nilizani mulishaichoka. Pardon, mama. Na barua yenyewe haikufika. Mitumbwi haipite tena Pweto, vita imefunga njia."

Rosaria hakumtukana. Akamgeukia baba yake.

"Batata, niambie tena alichekea nini. Nitamsimulia mutoto."

"Mpiga ngoma alianguka na kiti..." Lackson akaanza kama siku zote, akaacha. "Hapana. Hiyo niliitunga, mwanangu. Nilikuwa nimefumba macho, napiga. Sikuona."

"Basi alichekaje? Hilo unalijua."

Mzee akafungua kinywa, kikohozi kikamwahi. Rosaria akangoja kiishe, akamnywesha maji, akangoja tena.

"Kilianzia chini," akanong'ona, "halafu..."

Akakitafuta kile kicheko, macho kwenye nyasi za paa, hakikuja. Kisha akageukia ukuta.