Simba Wanne wa Toader

Wewe ni mwongo? Sevastian Ghindaru hakuwa mwongo. Alilisema hilo mwenyewe kila aliposimama mbele ya watu, yaani kila siku, kwa kuwa alikuwa mwalimu.

Alikuwa na shahada ya chuo kikuu cha Iași na kifua kilichojaa moto. Vita vyote alivipitisha akitandaza nyaya za simu, daima kwenye ule mwisho wa waya ambako risasi hazifiki. Amani ilipokuja, mataifa washirika yalikubaliana kila moja litengeneze nishani yake ya ushindi, ila zote zining'inie kwenye utepe wa aina moja, wenye rangi za upinde wa mvua. Sevastian alipolisoma hilo gazetini alitokwa na machozi.

"Utepe mmoja, ndugu zangu!" aliwahubiria wanakijiji. "Mataifa yote kifua kimoja!"

"Na tumbo je, mwalimu?" aliuliza Gavril, mwendesha mkokoteni. "Maana hili langu linalia njaa peke yake."

Serikali ilitoa cheti tu; nishani ulijinunulia mwenyewe mjini. Basi wiki ya Sikukuu ya Kupaa, siku ya kuwakumbuka mashujaa, Sevastian alipokuwa akienda mjini Focșani kununua yake, Mama Paraschiva alimkabidhi bata bukini wa kuuza, pamoja na cheti cha mwanawe Toader, aliyekufa vitani. Alitaka nishani itundikwe kwenye msalaba wa kaburi na padri aibariki. Kinachotolewa kwa jina la marehemu humfikia huko aliko: mkate, viatu, chochote.

Dukani Sevastian alimhubiria muuzaji undugu wa mataifa mpaka yule bwana akamfungia nishani mbili harakaharaka aondoke. Hakuna aliyezitazama. Nyumbani akafungua. Moja ilikuwa na mwanamke mwenye mabawa, ya kwetu. Ya pili ilikuwa na mwanamke juu ya gari linalovutwa na simba wanne. Ya Italia.

Undugu wa mataifa ukaishia hapo. Sevastian aliwatazama simba, akajitazama kwenye kioo. Mkuu wa mkoa atakuja. Hotuba atatoa yeye, Sevastian. Macho ya yule mama ni mabovu. Na utepe si mmoja? Alipomaliza kujithibitishia kwa hoja tatu, mwanamke mwenye mabawa alikuwa tayari kwenye koti lake. Elimu ni kitu kikubwa. Asiyesoma angehitaji siku nzima kujidanganya hivyo.

Siku ya sikukuu padri aliibariki nishani msalabani, na Sevastian akahutubia, tena juu ya ukweli. Watu walipoanza kugawiana mayai mekundu ya desturi, Gavril aliuinamia msalaba wa Toader, akaangua kicheko.

"Mwalimu! Toader kahamia Italia lini?"

Watu wakacheka. Mama Paraschiva hakucheka.

"Unasema nini, Gavril?"

"Simba hawa wa Waitaliano, mama. Si wetu."

"Kwa hiyo huko aliko mwanangu kapangwa mstari na Waitaliano?" Akamgeukia Sevastian. "Na lugha, mwalimu? Akiishiwa chumvi atamwomba nani?"

Sevastian alifungua kinywa aseme utepe ni mmoja.

"Niliona, mama," alisema badala yake. "Niliona tangu nyumbani. Ile ya kwetu nikajivalia mimi." Akaibandua, akajichoma kidole. "Chukua."

Mama aliipima mkononi. "Ile iliyobarikiwa imeshamfikia. Hii lazima nimpe mtu aliye hai aivae kwa jina lake, ndipo imfuate."

"Basi mimi naweza..."

"Wewe mfupi kuliko Toader," alisema mama.

Asubuhi iliyofuata, akienda shuleni, Sevastian aliwaona kwenye ua wa Gavril. Mama Paraschiva alikuwa upande wa barabarani ameshika mkate, mshumaa unaowaka na nishani. Gavril, aliyepigana kikosi kimoja na Toader, alikuwa upande wa ndani, nywele kazilowesha na kuzichana.

"Ya Toader," alisema mama, akampitishia vyote juu ya ua.

"Mungu ampokelee," alijibu Gavril, akavipokea kwa mikono miwili, bila utani.

Mama alimbandika nishani kwenye shati, akalivuta shati mabegani likae sawa.

"Simama wima," alimwambia. "Toader hakuwa na kibiongo."

Gavril akasimama wima.