Kaburi la Baba Niliita Kichuguu

Nilikosa. Naanza hapo hapo ili usije ukasoma nusu ukaanza kunionea huruma. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenitishia, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata pombe. Nilikuwa na akili zangu zote na suti yangu ya Kaunda iliyopigwa pasi, nikafungua mdomo wangu mwenyewe.

Jina langu silitaji kwa sababu ya wajukuu. Watu wa kwetu Hanang wakisoma watanijua, na wanijue tu. Nimechoka kuamkiwa shikamoo na vijana wasiojua wanamwamkia mtu wa namna gani.

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yakitanuka katika tambarare yetu, nami nilikuwa diwani. Kijana wa Kibarbaig aliyesoma, fikiria! Katika kata yetu nilikuwa mtu wa kwanza kuvaa viatu vya kamba kila siku, hata siku za matope. Rubega, ile shuka yetu ya begani, nilikuwa nimeikunja nikaiweka chini ya kitanda.

Usidhani baraza la madiwani lilikuwa na mambo makubwa kila siku. Kikao kimoja tulimaliza asubuhi nzima tukijadili mbuzi wa mjini waliokuwa wanakula matangazo ya halmashauri ukutani. Bwana afya alitaka wakamatwe. Diwani mmoja akauliza wakishakamatwa watafungwa wapi, na majani atakata nani. Tukaunda kamati ndogo ya mbuzi. Kisha tukaja kwenye choo cha soko, ambacho kilikuwa ajenda tangu nilipochaguliwa na bado hakikuwa na mlango.

Mimi mambo hayo niliyapenda mno. Nilipenda kuitwa ndugu diwani, nilipenda kusimama nikasema "kwa ruhusa yako, ndugu mwenyekiti" kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilikuwa nikijifunza sentensi usiku ili asubuhi nionekane nimezaliwa nazo.

Jirani yangu kikaoni alikuwa mtu mzima, Mbarbaig mwenzangu wa kata ya pili. Nitamwita Mzee Gida. Yeye alikuja na rubega yake, na fimbo aliiacha mlangoni kwa heshima ya kikao. Kiswahili chake kilikuwa kizito. Siku moja alisimama kuomba mahali fulani paachwe pasilimwe, kwa kuwa akina mama huenda pale kuombea mvua. Mwenyekiti akamkata, akamwambia, "Ndugu, hii ni halmashauri, siyo tambiko."

Ukumbi ulicheka. Mimi niliyekaa naye bega kwa bega nilicheka kuliko wote. Nilitaka waone kwamba mimi na yule mzee hatufanani.

Sasa nikueleze habari za baba. Baba alifariki nikiwa mdogo, na wazee wakaamua azikwe kwa heshima kubwa. Kwetu si kila mzee anapewa mazishi hayo. Watu wa ukoo hukusanyika, pombe ya asali huchangwa, na juu ya kaburi hujengwa mnara wa udongo na miti, unaongezwa kidogo kidogo kwa miezi mpaka unamzidi mtu urefu. Mimi ndiye mtoto wake wa mwisho wa kiume. Siku ya kumaliza walinipandisha juu ya mnara ule mbele ya watu wote, na mama yangu akaniangalia kutoka chini akilia na kucheka pamoja.

Baada ya hapo mnara huachwa. Majani huota, mvua huulainisha, na mgeni akipita haoni zaidi ya kilima cha udongo. Ila mama hakupaacha. Kila alipopata nafasi alikwenda pale na kibuyu cha maziwa, akamwaga kidogo, akakaa akimsimulia baba ng'ombe gani amezaa na mtoto yupi anaumwa. Hakuwa na mahali pengine pa kuongea na mume wake.

Basi siku moja ikaja ajenda ya ardhi. Shamba la ngano liliomba kuongezewa kipande katika kata yangu. Mimi nilijua vizuri kipande hicho, na nilijua ni nani amelala ndani yake. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitaomba pale pazungushiwe, trekta zipite kando. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Afisa ardhi akasimama mbele ya ramani. "Wapima wameona kilima cha udongo upande huu, kimesimama peke yake," alisema. "Ndugu diwani wa kata, wewe ndiye mwenyeji. Pale pana nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ndipo nikamwona makamu mwenyekiti ameanza kutabasamu, kama mtu anayesubiri kichekesho. Nikamwona na Mzee Gida pembeni yangu na rubega yake. Nikaogopa kuchekwa. Ndugu yangu unayesoma, sina sababu nyingine ya kukupa.

"Ni kichuguu tu, ndugu mwenyekiti," nilisema.

"Basi trekta itasawazisha," alisema afisa ardhi.

"Mchwa watatafuta pa kuhamia," mtu mmoja akaongeza kutoka nyuma.

Walicheka, na mimi nikacheka. Nilimcheka baba yangu mzazi ndani ya ukumbi wa halmashauri, kisha nikanyoosha mkono pamoja na wengine kupitisha.

Saa ya chai Mzee Gida hakugusa andazi lake. Alinifuata hadi dirishani akaniambia kwa lugha yetu, "Mazishi yale mimi nilileta asali." Akachukua fimbo yake mlangoni akaenda zake. Kikao cha mchana alikuwa hayupo.

Ungefikiri usiku huo nilikwenda kwa meneja wa shamba kurekebisha. Nilikuwa na nafasi. Wiki hiyo hiyo alinipa lifti kwenye Land Rover yake, tukawa wawili tu njia nzima, tukaongea habari za mvua. Nilisema nitamwambia tukifika darajani. Tukavuka daraja nikasema nitamwambia nikishuka. Nilishuka, nikamshukuru kwa lifti, nikapunga mkono. Mwezi uliofuata niliteuliwa kwenye kamati ya mipango, wakasema ni diwani wa kisasa.

Trekta hazikungoja nipate ujasiri. Zilipita.

Mama alikuja kwangu mchana, kwa miguu, na kibuyu bado kimejaa maziwa. Nilimsogezea kiti, akakaa chini. Nilimwamkia, hakuitikia. Maneno yake aliyasema kwa lugha yetu, nami naandika kwa Kiswahili.

"Wale wenye trekta walikuuliza?"

"Hawakuniuliza, mama. Serikali haiulizi mtu."

"Si wewe ndiye uliyeniambia kwamba sasa wewe ni serikali?"

Nikakirudisha kiti mahali pake.

"Nakuuliza tena, mwanangu. Walikuuliza?"

"Hapana, mama."

Aliinuka akajipangusa vumbi, akaondoka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mke wa Mzee Gida alikuwa amemweleza yote, hata habari ya mchwa. Mama alijua kila kitu alipoingia mlangoni kwangu. Alikuja kunipa nafasi ya kusema kweli, na mimi nikamdanganya mara mbili usoni.

Kwetu akina mama wana baraza lao. Halina ofisi wala mhuri. Mwanamume akimkosea mwanamke kwa kosa linalowagusa wote, wanakaa majanini, wanamwita, wanamshitaki, na wakimwona na hatia wanamtoza dume la ng'ombe, jeusi kabisa, lisilo na doa. Akikataa, wanamlaani. Kila mwanamume wa Kibarbaig anajua hilo tangu mdogo, na wanaume wakali niliwaona wakilipa haraka bila kubishana.

Waliniita niende. Nikawajibu kwamba mimi ni diwani na nina baraza langu, wakitaka kunishitaki waje na barua. Ndivyo nilivyowajibu mama zangu, wengine ndio walionipokea nilipozaliwa!

Hawakupiga kelele. Tangu siku hiyo mwanamke akikutana nami njiani alitoka njiani, akasimama kwenye majani akinipa mgongo mpaka nipite. Mke wangu alinipikia na kuniwekea chakula, neno hakunipa. Nilipomwuliza kuna nini alinitazama tu, kwa sababu naye alikuwa amekaa na wenzake majanini. Nilivumilia kidogo, nikashindwa. Nikaenda mnadani kutafuta dume jeusi.

Hapa aibu inazidi, lakini nimeapa kusema yote. Dume nililopata lilikuwa jeusi zuri, ila chini ya tumbo lilikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kiganja. Kutafuta jingine niliona usumbufu. Nikaenda nyumbani nikachukua dawa yangu nyeusi ya viatu, nikaingia zizini na brashi, nikaling'arisha lile doa. Diwani mzima, mjumbe wa kamati ya mipango, nimepiga magoti kwenye samadi napaka ng'ombe dawa ya viatu.

Akina mama walilizunguka dume wakilikagua. Bibi aliyeongoza baraza akainama, akatemea kiganja mate, akalisugua tumboni. Mkono wake ukatoka mweusi. Akauinua wote wakauona.

Ningefurahi kama wangecheka. Kuchekwa nilikokuogopa ukumbini, siku ile nilikutamani. Hakuna aliyecheka. Mama yangu alivuta nguo yake ya ngozi akajifunika uso, na mimi nikaondoka na ng'ombe wangu kwa kamba mbele ya wanawake wote wa upande wetu.

Kesho yake nilipeleka dume langu mwenyewe la mbegu, jeusi lisilo na doa, ambalo nilikuwa nimekataa kuliuza kwa mtu yeyote. Walilikagua, wakalipokea, wakachinja na kula. Mimi nilisimama mbali nikisubiri neno la mwisho. Desturi ni kwamba aliyekosewa akisema ameridhika, kesi imekwisha, na mwanamume anarudi kuwa mtu.

Bibi alimgeukia mama. "Umeridhika?"

Mama alijifuta mikono mafuta ya nyama. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nimeridhika. Huyu ni mwanangu, nitafanya nini? Lakini tuliokosewa tuko wawili. Mwenzangu nendeni mkamwulize."

Hakuna aliyejua aende kuuliza wapi. Baraza likavunjika hivyo, bila baraka na bila laana, na mpaka leo sijui niko upande gani.

Kikao kilichofuata nilisimama. Safari hii sikuwa nimejifunza sentensi yoyote. Nilisema kwamba kile hakikuwa kichuguu, lilikuwa kaburi la baba yangu, na kwamba niliwadanganya. Wajumbe wengine wakaangalia meza. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, nadhani hata alinihurumia. Alikohoa akasema, "Pole sana, ndugu diwani. Ila ajenda hiyo ilishapita. Tuko kwenye mlango wa choo cha soko." Nikakaa. Tukajadili mlango wa choo cha soko.

Ngano ilipovunwa nilimwomba mama twende tukatafute mahali penyewe, nami nikaweke hata jiwe. Mlinzi wa shamba alituruhusu. Mama alikuwa akipajua pale kwa kutazama mlima Hanang na mti mmoja wa mgunga. Mlima ulikuwapo, mti walikuwa wameshaung'oa. Alitembea kwenye mabua, akasimama, akasema ni hapa. Akasogea, akasema hapana, labda pale. Akazunguka mpaka akachoka, akakaa chini katikati ya shamba, akaniuliza mimi niliyepandishwa juu ya kaburi lile mbele ya watu, "Wewe hukumbuki?"

Sikukumbuka. Nilijaribu mpaka kichwa kikauma. Pote palikuwa sawa.

Mama aliishi miaka mingi baada ya pale. Alinipokea kwake, alikula kwangu, watoto wangu aliwabeba mgongoni. Ila habari za ng'ombe aliyezaa na mtoto anayeumwa sikumsikia tena akimsimulia mtu. Alipozeeka sana alikuwa anaanza sentensi, "Mwambieni baba yenu...", halafu ananyamaza na kuangalia mikono yake. Alifariki akiwa bado ananyamazia pale pale.

Mashamba yale baadaye yalikufa, wazungumzaji wazuri wa siku zile tumekuwa wazee, na hakuna anayekumbuka nani alichekwa na nani hakuchekwa. Makamu mwenyekiti ambaye niliogopa tabasamu lake nilikutana naye hospitalini akiongozwa na mjukuu. Hakunijua mimi ni nani.

Ninyi mnaokaa kwenye vikao leo, vya kijiji, vya kata, vya halmashauri, vya harusi hata, nisikilizeni mimi mpumbavu. Ipo siku mtu mwenye ramani atakugeukia akuulize pale pana nini, na watu watakuwa wanasubiri kucheka. Waache wacheke. Simama na Kiswahili chako kibovu, useme pale amelala baba yangu.