Visubi kwenye Vyungu vya Mkwe Wangu

Nilifika Katoro na mfuko wa unga wa mtama, kuku wawili, na nia ya kukaa arobaini tu. Binti yangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hawezi kupanda basi kuja kwangu Mhunze, na mama wa mumewe alishafariki. Sasa nani amwogeshe? Nikaenda mimi. Nisiseme uongo, sikwenda kwa furaha. Kwetu Wasukuma mama mkwe halali hovyo nyumbani kwa mkwe wake wa kiume. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Na nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule, na mlango wa uani uko hapo hapo sebuleni.

Mkwe wangu ni mtu wa Rungwe, fundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kwao nako wana miko yao ya ukwe, kwa hiyo hii ya kwetu aliishika kuliko hata vijana wetu. Akifika mlangoni anakohoa, mimi naingia chumbani nashusha pazia.

"Shikamoo mama," ananiambia kwa nje ya pazia.

"Marahaba baba."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima.

Sebule yake ilikuwa imejaa vyungu. Wanasema maua, lakini mimi ua sikuliona, ni majani matupu. Hayachanui, hayaliwi. Binti yangu aliniambia mumewe alikuwa nayo tangu hajaoa, kwamba kwao ni kijani kila upande na huku alikuta vumbi. Jioni akitoka kazini nilikuwa namwona kupitia upenyo wa pazia, anachukua kitambaa kibichi anafuta jani moja moja, taratibu, mtu mzima na mikono yake ya grisi. Mwanzoni nilimcheka moyoni. Baadaye sikumcheka.

Mimi nimekulia kwenye ukame. Maji tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa mto, unakaa na kata unasubiri shimo lijae. Ukimwaga maji chini mbele ya mama yangu unachapwa. Mpaka leo siwezi. Kwa hiyo pale Katoro maji ya kuoshea mchele, ya kusuuzia sufuria ya uji, ya kuoshea vikombe vya maziwa, yote nikawa nayapeleka kwenye vyungu. Asubuhi na jioni. Nikaona na mimi angalau nina kitu ninachomfanyia mwenye nyumba ambaye siwezi kukaa naye.

Wiki ya kwanza haijaisha vizuri, wakaja visubi. Weusi, wembamba kama vipande vya uzi. Ukigusa chungu wanaruka kama vumbi, kisha wanatua tena pale pale. Mara wako kwenye uji wa mzazi. Mara wako kwenye kona ya jicho la mtoto.

Jirani mmoja alikuja kumwona mtoto akawa anapunga mkono mbele ya uso. "Bibi, mnafuga visubi humu? Kwani ng'ombe wa kule kwenu hawatoshi?"

"Tunafuga," nikamwambia. "Nikufungie dume ukapate mbegu kwako?"

Tulicheka, lakini aibu iliniingia. Nyumba yenye bibi mzima ndani, inakuwaje na wadudu?

Nikaanza vita. Nilitandaza majivu juu ya udongo, kama tunavyofanya kwenye mbegu. Majivu yakalowa, visubi wakatembea juu yake. Nikachemsha majani ya mwarobaini, nikayapoza maji yake, nikamwagia kila chungu mpaka yakatokea chini. Siku mbili kimya. Siku ya tatu wakarudi wengi kuliko mwanzo. Yule jirani akaniambia wanapenda rangi ya njano. Nikakata dumu la njano vipande vipande, nikavipaka mafuta ya kupikia, nikavichomeka kwenye udongo. Wakanasa mpaka njano haionekani. Nikafurahi kweli. Kesho yake wanaoruka walikuwa wale wale, kana kwamba sikuua hata mmoja. Dawa ya kupuliza sikuigusa. Na kitoto kile kichanga ndani? Hapana.

Jumatano jicho la mtoto likaamka jekundu. Binti yangu hakupiga kelele, na mwanangu asipopiga kelele ujue amekata shauri. Mumewe alipoingia akamwambia, "Jumamosi hivi vyungu vitoke. Vyote. La sivyo nitoke mimi na mtoto."

"Sawa," mkwe akasema. Neno moja tu.

Baadaye akampokea mtoto akakaa naye sebuleni. Mimi niko chumbani kwangu, pazia katikati. Nikamsikia anaongea na yule mtoto wa wiki tatu kama anaongea na mzee mwenzake.

"Mwanangu, unajua hawa wadudu wanapenda nini? Udongo mbichi. Wanataga pale juu, na watoto wao wanakula humo humo. Udongo ukiachwa ukauke, kidole kikizama kisikute unyevu, basi, kizazi kinakatika chenyewe. Lakini mvua ya humu ndani haikatiki, baba. Inanyesha asubuhi, inanyesha jioni. Na mimi sina wa kumwomba aisimamishe."

Nilikaa kitandani nikasikia joto linapanda mpaka masikioni.

Tangu saa ile sikuvipa vyungu hata tone. Maji ya vyombo niliyabeba mpaka nje nikayamwaga njiani, na kila nilipomwaga mkono ulikuwa mzito. Mkwe akaleta mchanga mkavu akautandaza juu ya kila chungu. Alhamisi na Ijumaa, akishatoka, nilikuwa nazungukia vyungu nikichomeka kidole. Kibichi. Kibichi. Kibichi. Maji ya wiki tatu hayaondoki kwa siku mbili, hilo hata mimi niliyeishia darasa la nne nalijua.

Ijumaa mchana nikamwambia binti yangu, "Aliyemwagilia ni mimi."

"Najua, mayu. Na yeye anajua. Tulijua tangu mwanzo."

"Mbona hamkusema?"

"Nikuambie nini? Umeacha mji wako umekuja kuniogesha, nikuambie unaharibu? Na yeye ndiyo kabisa. Amwambieje mkwewe?"

Ni sisi wenyewe tuliomfundisha asiniambie.

"Basi viache wiki mbili tu vikauke," nikamwambia. "Havina kosa."

"Mayu, litazame jicho la mjukuu wako."

Nikalitazama. Lilikuwa limevimba zaidi, na kisubi mmoja alikuwa anatembea shavuni. Nikamfukuza kwa kidole, sikuviombea tena.

Jumamosi mkwe akavitoa uani. Nilikuwa nyuma ya pazia nahesabu hatua zake, anakwenda na kurudi. Kile chungu kikubwa cha kona hakikuwa cha mtu mmoja. Nilimsikia anakivuta, anapumzika, anakivuta tena. Nina mikono iliyobeba marobota ya pamba, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na sikutoka. Nilishika pazia tu. Alipomaliza, palikuwa na mstari wa tope kutoka kona mpaka mlangoni. Nikasubiri aende kuoga ndipo nikaupiga deki.

Jumapili alfajiri akaondoka kwenda Bugarama, kuna mashine ilikuwa imekufa huko. Alisema atakaa wiki nzima. Ndani visubi wakaanza kupungua kidogo kidogo. Binti yangu akawa anasafisha jicho la mtoto na dawa ya zahanati, akawa anaimba.

Nje uani hakuna kivuli. Jumatatu mchana majani yakawa yamelala ukingoni mwa vyungu kama masikio ya mbwa mgonjwa. Jumanne yakaanza kuungua ncha. Nikachomeka kidole: juu mchanga wa moto, chini sijui kama ule ulikuwa unyevu au ubaridi tu. Nilikuwa na beseni la maji ya mchele mkononi. Maji ndiyo yaliyoviponza. Na sasa jua hili. Mwenyewe yuko Bugarama, na hata angekuwepo, ningemuulizaje?

"Wee mwanangu," nikaita. "Niyape maji au nisiyape?"

"Fanya unavyoona, mayu," akanijibu kutoka ndani.

"Sasa mimi naona nini?"

Hakunisikia, mtoto alikuwa ameanza kulia. Nikaliweka beseni chini pembeni ya vyungu, nikaingia ndani kumbeba.