Shahidi wa Injini

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinikalisha kwenye benchi mbele ya gari lililokuwa linaunguruma, akaniamuru nifumbe macho.

"Sikiliza," alisema. "Ukishajua injini inalia vipi ikiwa nzima, ndipo nitakupa spana."

Nilikuwa nimetoka Singida na cheti changu cha ufundi, sina ndugu hata mmoja Mtwara, nikadhani bwana huyu ananifanyia mzaha. Nilikaa pale hadi mchana. Kesho yake vivyo hivyo.

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ilikuwaje, jueni kwanza kwamba nimechoka. Magoti yamegoma, na harufu ya petroli siku hizi inanitia kichefuchefu. Lakini mmeuliza, basi nitaeleza.

Injini tuliyoizoea zaidi ni ile ya petroli ya silinda nne, ujazo wa cc 1500. Silinda ni tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Haziwaki zote kwa mpigo. Inawaka ya kwanza, inafuata ya tatu, kisha ya nne, halafu ya pili, ili mtikisiko ujigawe na injini itulie. Ni injini isiyo na makuu. Ipe oili safi, maji safi na hewa isiyo na vumbi, itakwenda miaka mpaka usahau kwamba ipo. Shida ni kwamba kwetu huku vyote vitatu ni taabu. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, yanakula rejeta. Mchanga wa njia ya Msimbati hupenya kwenye chujio la hewa, na ukifika ndani unasaga ringi, zile pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ringi zikilika, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unashuka, gari linaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kilambo, karibu na kivuko cha Ruvuma. Msimamizi wa Kituo pale alikuwa mtu ambaye wazee wake walivuka kutoka Msumbiji, na alitukana kwa lugha tatu. Akikuta kutu kwenye rejeta alipaza sauti: "Nani katia maji ya kisima humu? Mleteni ayanywe yeye!" Tulimwogopa, lakini magari ya kituo kile hayakuchemsha. Kilambo nikatoka kwenda bandarini Mtwara, kwenye magari madogo ya ofisi, na msimu wa korosho madereva wa malori nao walituganda tuwatazamie yao wakiwa kwenye foleni. Bandarini ndiko nilikostaafia.

Sasa niwaeleze desturi moja ambayo alinifunza yule Mkuu wa Karakana wa kwanza. Fundi hakuruhusiwa kutangaza peke yake kwamba injini ya mtu imekufa, kwa sababu huyo huyo ndiye atakayemfungia nyingine. Aliitwa fundi wa karakana nyingine, asiyepata chochote hapo, akawa shahidi. Mwenye gari alikaa kwenye benchi akitazama. Shahidi alichomoa plagi zote, akafunga geji kwenye kila tundu kwa zamu, injini ikazungushwa kwa stata, akasoma mgandamizo. Mwisho alisema neno moja mbele ya watu wote. "Ipo," au "Imekwisha." Baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Nilipostaafu nikajikuta mimi ndiye shahidi wa mji mzima. Gereji za Chuno, za sokoni, hata za Ziwani, wote wananifuata mimi. Kazi gani hiyo ya kupeleka habari za msiba kila wiki? Nimewaona wanaume wazima wakilia juu ya boneti. Ila neno langu halikuwahi kuwa la uongo, na hilo nilijivunia, sifichi.

Mwaka huu nikaitwa Chuno kwa gari la rafiki yangu Selemani, alilolipeleka gereji mwenyewe akidai limeishiwa nguvu.

Selemani ni Mmakonde wa Ziwani, dereva wa teksi tangu tukiwa vijana. Injini yake niliifungua na kuifunga mwenyewe mara mbili. Kila aliyemshauri atafute injini ya mtumba alijibiwa kwamba siku hii itakapokufa, naye anaacha usukani. Mji mzima ulilijua hilo.

Kabla sijaingia gereji, binti yake mkubwa, Somoe, alinivuta pembeni.

"Baba mdogo, naomba useme imekufa."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ni macho yake. Wiki iliyopita nusura awagonge wanafunzi kando ya barabara, wakarukia mtaroni. Tukimwambia macho, anasema kioo kichafu."

Nilikasirika. Nilimwambia mimi si mganga wa kukodiwa, na kama baba yake haoni, amwambie baba yake. Nikaingia ndani bila kumtazama usoni, kwa sababu nilijua binti anasema kweli.

Selemani alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. "Karibu fundi wa bara," alinitania kama kawaida. "Leo ndiyo unaniua."

Nikachomoa plagi. Ya kwanza, paundi mia moja sabini. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mia moja sitini na tano. Ya nne mia moja sabini tena. Injini ile ingeweza kwenda Dar es Salaam na kurudi bila kukohoa. Nikafuta mikono polepole. Watu wamejaa, Somoe ananitazama, na mimi nimeshaamua kusema ukweli.

Selemani akanishika shati, akanivuta nikae karibu yake.

"Ya tatu ngapi?"

"Sitini na tano."

"Nzima."

"Nzima kabisa."

Akanisogezea mdomo sikioni. Kisha akasema kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia: "Njomba, wale watoto sikuwaona. Nilisikia makelele tu. Waambie imekwisha. Wakisema Selemani kapofuka, nitapita wapi mji huu?"

Nikasimama. Nikasema: "Imekwisha."

Somoe akaanza kulia, akidhani nimemtii yeye. Watu wakasogea mmoja mmoja kumpa Selemani pole ya injini, naye akazipokea zote, ameinamisha kichwa, anajibu kwamba ameshapoa.

Tangu siku hiyo wakiniita siendi. Shahidi akishasema uongo mara moja, hana tena cha kushuhudia. Sijuti, nimechoka tu, na nimefurahi kuchoka nikiwa nyumbani. Selemani huja kunitembelea kwa miguu, Somoe amemshika mkono. Tunakunywa chai, tunazungumza habari za wajukuu. Kabla ya kuondoka husubiri binti yake atangulie mlangoni, kisha ananiuliza, "Ya tatu ilikuwa ngapi vile?"

Namwambia.

"Injini ile," anasema, na anainuka akipapasa ukuta.