Blanketi la Unga

Nazi ya pakiti haina tui kama nazi mbichi, lakini ina tui. Unaimwagia maji ya moto, unaiacha ipoe mpaka mkono uvumilie, kisha unaikamua kwa kitambaa mara mbili. Tui la kwanza unakandia unga. La pili unapikia maharage. Machicha hayatupwi, yanakaangwa na sukari kidogo yakawa kitafunio. Haya nilifundishwa na mama Morogoro, na nilikuja kuyategemea Soweto, katika nyumba ya Gogo, mama yake baba.

Baba alikuwa mkimbizi wa siasa Tanzania kwa miaka mingi. Huko alimwoa mama, huko nikazaliwa, huko nikamaliza darasa la saba. Nchi yao ilipofunguka tukarudi naye, ingawa mimi na mama tulikuwa tunakwenda tu, hatukuwahi kufika kwao. Shule ya pale ilitaka kunirudisha kwa watoto wadogo kwa sababu sikujua Kiingereza. Nilikwenda siku mbili, magoti yangu hayakuingia chini ya dawati, nikakaa nyumbani. Mama alipata kazi ya kushona kwa fundi mmoja mtaa wa La Rochelle, akawa anaondoka kabla jua halijatoka. Baba alitafuta kazi. Jiko likawa langu.

Kwa jiko sikuwa na aibu. Mbele ya watu nilikuwa bubu, hata kwa lugha ya baba niliyoijua tangu utotoni, lakini unga niliuelewa.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa na mshahara mle ndani. Kila jioni alirudi na mikate miwili ya dukani na kuiweka mezani kwa kishindo. Jioni moja akasema, tukiwa wote tumekaa, "Nalisha nyumba nzima, na makoti aliingia humu mikono mitupu."

Makoti ni bi harusi wa ukoo. Kwao, makoti huja na zawadi kwa wakwe, na kubwa kuliko zote ni blanketi la mama mkwe. Mama alikuja na mabegi mawili na mimi. Hakujua, na baba alikuwa amesahau au aliona haya kumwambia.

Mama aliweka kijiko chini. "Wifi, kuanzia Jumatatu usinunue mkate. Tutapika wenyewe."

"Mtapika nini?"

"Kila kitu."

Ndivyo tulivyofanya. Maandazi, chapati, mkate wa sufuria. Karanga nilizikaanga na kuzisaga kwa chupa juu ya ubao, tukapaka badala ya siagi. Maziwa tuliyagandisha pembeni mwa jiko la makaa ya mawe, na hapo Gogo alikuwa fundi kuliko mimi, akinionyesha kwa kidole, bila maneno mengi, mahali chupa inapopaswa kusimama. Shangazi alikula yote na hakusema kitu kizuri wala kibaya, ila siku moja tu alisema kwamba nyumba inanuka kama duka la Mhindi. Ilikuwa iliki.

Kisha ikafika zamu ya Gogo kupokea wanawake wa chama chake cha kuzikana. Walikutana Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, kila mara nyumba ya mwingine, na mwenye nyumba aliwapa chai na vitafunio. Shangazi alitaka kuagiza keki mjini. Gogo akasema mtoto atapika.

"Eish, Mama! Wakicheka je?" Shangazi akageukia baba. "Kaka, wakicheka, utamtafutia mkeo chumba mtaa wa Alexandra. Mimi sitaaibishwa nyumbani kwetu."

Mama aliniangalia, na nikajua Jumamosi hiyo yeye atakuwa kwenye cherehani.

Ilikuwa Julai. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa barafu. Gogo alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mazishini, kama Jumamosi nyingi. Nilikanda beseni zima: unga, tui, sukari, hamira, iliki. Nikakanda mpaka donge likaacha kunata mikononi, nikalifunika kitambaa safi, nikasubiri. Morogoro ukikanda, ukifagia uwanja na kurudi unakuta umeumuka. Nilifagia. Nikaosha vikombe. Nikarudi, nikabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki vilevile, kama nimebonyeza udongo.

Shangazi alichungulia akiwa na taulo kichwani. "Wena, wewe, huo unga umelala au umekufa? Uimbie."

Ningeweza kuliweka beseni juu ya jiko, lakini nilishawahi kuujaribu ule moto wa makaa ya mawe: chini unapika, juu unabaki baridi. Nilihitaji joto la kuzunguka pande zote. Mama alikuwa akifunga beseni kwa khanga. Khanga isingetosha kwa baridi ile. Nikaingia chumbani kwa Gogo. Chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na blanketi zito la kahawia lenye mistari, ambalo sikuwahi kumwona mtu amejifunika. Nikadhani ni la akiba. Nikalifunga beseni mara mbili, nikalilaza kitandani kwa Gogo, nikalizungushia chupa tatu za maji ya moto.

Saa sita nilimsikia shangazi akipiga kelele chumbani.

Unga ulikuwa umeumuka. Ulikuwa umeumuka kupita beseni, umesukuma kitambaa na kushika pindo la blanketi, nyuzi zote zimegandwa na unga mweupe.

"Unajua hili ni nini? Unajua? Hili Gogo alimpelekea mama mkwe wake siku ya kuolewa! Bibi yule alipokufa likarudishwa kwa Gogo. Mama yako hakuleta hata uzi, na wewe unalifanya tambara la jikoni!"

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilifikiria uso wa mama atakaporudi na kukuta mabegi yetu mlangoni.

Gogo akaingia, bado na kofia ya kanisa na vumbi la makaburini miguuni. Shangazi akamweleza yote upya, kwa sauti ileile.

"Nani amefanya?" Gogo akauliza, ingawa alikuwa ameshaambiwa.

Kwa kawaida ningetazama sakafu. "Mimi, Gogo. Unga ulikuwa na baridi."

Alisogea kitandani, akainama, akabonyeza donge kwa kidole. Shimo likajaa taratibu, likarudi. Akabonyeza tena upande wa pili, kama anayekagua mtoto.

"Hawu," akasema. "Umeiva. Watu wanakuja. Kwanza unga, blanketi baadaye." Akamgeukia binti yake. "Na wewe weka mafuta motoni, unasimama nini?"

Tulipika pamoja, mimi nikikata, shangazi akikaanga na kununa. Maandazi yalijigeuza yenyewe mafutani, mepesi, yana tumbo tupu ndani kama inavyotakiwa. Niliyapanga kwenye sinia nikayapeleka bila kuinua macho.

"Magwinya haya yamepakwa manukato?" mmoja akauliza. Magwinya ni andazi la kwao, la chumvi.

"Kula kwanza, mwenzangu, pua baadaye," akasema mwingine, mdomo umejaa.

Hawakucheka. Au walicheka, lakini kicheko cha watu wanaokula. Bibi mzee mmoja alifunga manne kwenye leso na kuyatia mkobani waziwazi, akamwambia shangazi, "Binti, una mkono." Shangazi akanyoosha kidole kwangu. "Siyo mimi. Ni yule."

Jioni nililiosha pindo kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yangeupika unga ndani ya nyuzi. Hata hivyo doa lilibaki.

Mama aliposikia, hakunigombeza. Mwisho wa mwezi alirudi kutoka La Rochelle na mzigo kichwani. Lilikuwa blanketi jipya, jekundu. Alipiga magoti mbele ya Gogo, akamwekea mapajani, akasema ameelewa kwa kuchelewa. Baba alitoka nje akasimama uani. Shangazi alilipapasa kona, akasema ni zito, siyo la ovyo.

Gogo alijifunika palepale, mabegani, akakaa nalo akinywa chai mpaka akaimaliza. Kisha akaenda chumbani, akarudi na ule mfuko wa nailoni, akaniwekea mikononi.

"Lile limeshazoea unga," akasema. "Weka jikoni."